Injini Haichagui Kona

Gereji, Jumanne tarehe 5 Desemba

Kwako Sindano,

Tulipoteza ubingwa Jumapili tarehe 3, saa tisa na dakika kumi alasiri, mzunguko wa thelathini na nne kati ya arobaini, kwenye kona ya sita. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili tusije tukajidanganya kwamba tuna jambo jingine la kuzungumza.

Simu hupokei. Nimekupigia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alipokea mama yako, akasema umelala. Saa tano asubuhi. Dada yangu hajui kusema uongo, alikohoa kwanza. Basi soma, barua haina kitufe cha kukatia. Anakuletea dereva wa lori la vipuri, na keshokutwa atapita tena kuchukua jibu.

Tuliingia mbio za mwisho tukiwa mbele ya gari la bluu kwa pointi mbili. Hesabu ilikuwa ya mtoto wa chekechea: maliza mbele ya bluu, hata kama wewe ni wa kumi na yeye wa kumi na moja, kombe ni letu. Gereji ya watu watano. Gari nililolichomelea kwa mikono yangu, bomba kwa bomba. Dereva wa msimu wa kwanza, mtoto wa dada yangu, aliyeanza hapa kwa kufagia vumbi la chuma na kuulizwa na kila mteja kama amepotea njia ya saluni. Watu wakasema ni bahati. Mimi nilianza na jeki moja na turubai, sijawahi kukutana na huyo bahati wanayemsema.

Mzunguko wa tisa ukasema kwenye redio: "Mjomba, oili inanirukia kwenye kioo cha helmeti, upande wa kushoto." Nikakwambia bandua plastiki moja ya juu ya kioo. Ukabandua. Mzunguko wa kumi na mbili, oili. Wa kumi na tano, oili. Tulikubandikia plastiki saba kama kawaida. Mzunguko wa kumi na saba zilikuwa zimekwisha zote, na bado unasema oili. Mimi natazama geji, presha iko palepale. Fundi Gasketi anaapa kwamba hakuna tone linalotoka. Mzunguko wa thelathini na nne bluu akakupita kushoto. Mlango uliomwachia ungepitisha lori hili linalokuletea barua. Hukusogea hata kiganja.

Baada ya mbio nilimfukuza Fundi Gasketi mbele ya watu wote. Miaka kumi na saba tumekula vumbi moja. Nilimfukuza kwa sababu neno lako lilikuwa oili, na oili ni kazi yake. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Hukufungua mdomo.

Jana nimefungua injini. Tulitia lita sita. Nimetoa lita tano na mililita mia tisa. Hizo mia huliwa kila mbio, hata ukiendesha kama bibi harusi. Sili zote kavu. Nimepitisha kitambaa cheupe chini ya injini, kimetoka cheupe. Kioo cha helmeti yako nimekipitishia kidole: vumbi, basi.

Nikafungua kompyuta ya gari. Uwanja ule una kona kumi na mbili, saba za kulia, tano za kushoto. Kuanzia mzunguko wa tisa, kila kona ya kushoto ulikuwa unaachia mapema na kupoteza sehemu mbili za kumi za sekunde. Zote tano, kila mzunguko. Za kulia ulikuwa mkali kuliko hata siku ya majaribio, kama mtu anayetaka aonekane anajitahidi.

Injini haichagui kona, Sindano. Injini ikiugua inaugua kulia na kushoto. Anayechagua kona ni aliyeshika usukani.

Na jingine. Muuza matairi ameniambia kwamba tajiri wa timu ya bluu amekuahidi kiti cha udereva, na Jumamosi ya tarehe 16 unakwenda kujaribiwa kwenye uwanja wake. Habari za mtoto wa nyumbani kwangu nazipata kwa muuza matairi.

Swali langu ni moja. Oili ilikuwa wapi?

Mjomba wako


Nyumbani, Alhamisi tarehe 7 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Nimepata barua yako. Dereva wa lori amekaa chini anakunywa chai ya Mama na kumsimulia kuhusu tairi lililopasuka, kwa hiyo naandika haraka kabla hajamaliza hadithi.

Hapakuwa na oili. Umepima sawasawa, kama kawaida yako.

Kuhusu tajiri wa bluu, ni kweli. Aliniita wiki mbili kabla ya mbio. Nilitaka kukwambia, kila nilipokuja uko chini ya gari. Tarehe 16 nitakwenda.

Uliyoyawaza ndiyo hayo hayo, Mjomba. Sina cha kuongeza, wala sitaki tubishane. Kama ni kuuza, nimeuza.

Ninachoomba ni kimoja. Mrudishe Fundi Gasketi. Hana kosa hata la nati moja. Mwambie mimi nimesema.

Ovaroli yangu na buti ziko kwenye kabati la tatu. Mpe yeyote zitakayemtosha.

Mama anakusalimu. Nimemwambia nina huzuni ya kushindwa, naye ameamini, ananipikia kila ninachopenda. Usimpigie kumweleza vingine.

Mpwa wako,
Sindano


Gereji, Ijumaa tarehe 8 Desemba

Kwako,

Shikamoo yako siipokei.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, nikidhani labda nilisimama vibaya. "Kama ni kuuza, nimeuza." Maneno manne. Hata mwizi wa kuku hujitetea zaidi ya hapo.

Wewe ndiye uliyekuwa unalala juu ya magunia ya matambara tukipanga giaboksi. Wewe ndiye uliyenifanya nikaandikishe timu, mimi niliyekuwa nimetosheka na kutengeneza breki za watu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikivalisha na ovaroli.

Nimempigia Gasketi. Hapokei. Naona nyinyi wawili mmekubaliana kwamba simu yangu ina upele. Nimemtumia ujumbe arudi kazini, hakunijibu, na namwelewa. Mtu uliyemtoa mbele ya watu humrudishi kwa ujumbe wa mistari miwili.

Ovaroli yako nimeitundika kwenye mlango wa ghala. Watu wanafutia mikono.

Nenda kaendeshe bluu. Nakutakia kona za kulia tupu.

Kaka wa mama yako hajafa, lakini mjomba wako mhesabu amekufa.


Kwa shemeji, uani, Jumatatu tarehe 11 Desemba

Bosi uliyekuwa bosi wangu,

Salamu kwanza, maana sikulelewa porini.

Spana yangu ya kupimia, ile ndefu yenye mkono mwekundu, imebaki kwako. Niliinunua mwenyewe, unajua, ulikuwepo nilipoinunua na ukasema nimeibiwa. Mpe dereva wa lori anifikishie. Nipo kwa shemeji, natengeneza pampu za maji. Pampu ni wateja wazuri. Hazisemi kitu kwenye redio.

Ujumbe wako nimeuona. Nimesikia pia kwamba umefungua injini ukakuta kavu. Sikuhitaji kusikia, niliifunga mimi. Sitarudi, na sasa nakwambia kwa nini, usije ukadhani ni kwa sababu yako. Hasira zako nazijua, miaka kumi na saba naziona zinachemka na kupoa kama rejeta. Ungenifukuza Jumapili, Jumanne ungenitafuta, Jumatano tungecheka. Hayo ya kawaida.

Lililonichoma ni yule mtoto. Mimi ndiye niliyemwonyesha spana inashikwaje. Mimi ndiye niliyemwita Sindano, kwa sababu alikuwa anapita mahali ambapo mkono wa mwanamume haupiti. Siku ile baada ya kunitoa nilichukua sanduku langu, nikaenda aliposimama, kando ya gari. Nikasimama kushoto kwake, karibu ningemgusa bega. Nikamwambia, "Mwanangu, oili haikuwa yangu." Kelele zilikuwa nyingi, sawa, labda hakusikia. Nikampungia mkono. Hakugeuza shingo. Nikamnyooshea chupa ya maji, kwa mkono huu huu, pembeni mwa uso wake, nikaiachia nikidhani ameishika. Ikaanguka kati ya miguu yetu. Akatazama chini kama imetoka mbinguni, hakunitazama mimi.

Mara muuza matairi akaja upande wa pili, kulia kwake, hata hajasema neno, akageuka papo hapo na kumpa mkono.

Basi nikajua bei yangu. Bosi akikukana unatafuta bosi mwingine. Mtoto akikukana, hiyo gereji unairudia ukafanye nini?

Spana tu. Nyingine zote ziache, hata ile bisibisi nzuri.

Gasketi


Gereji, Jumatatu tarehe 11 Desemba, jioni

Sindano,

Marahaba. Ile shikamoo ya Alhamisi naipokea leo. Imechelewa siku nne na kosa ni la mpokeaji.

Usitafute kwa nini sauti imebadilika. Nimepata barua kutoka kwa Fundi Gasketi, analalamika juu yako. Sitakwambia alichosema. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimeshika karatasi ya kompyuta ya gari mkono wa pili, na mambo mawili ambayo hayakujuana yamekaa chini pamoja yakaanza kuongea.

Fanya hivi, na ufanye kabla hujafikiria jibu la kunipa. Pale kwenu sebuleni kuna kalenda kubwa, ile ya duka la saruji, imetundikwa juu ya kabati la vyombo. Simama mbele yake, hatua mbili. Funika jicho la kulia kwa kiganja. Usilifinye, lifunike tu. Jicho la kushoto litazame katikati kabisa ya mwezi wa Desemba na lisitembee. Kisha niambie unaona siku zipi.

Mimi ninayo kama hiyo hapa ofisini. Nimejaribu. Naona kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi, thelathini na moja zote, na alama ya grisi aliyoiacha mtu kwenye tarehe 20.

Siulizi habari ya bluu. Siulizi nani ameuza nini. Nauliza kalenda.

Ovaroli yako nimeiondoa mlangoni. Nimeifua mwenyewe, usicheke, imetoka na rangi ya maji ya mtaro.

Mjomba wako


Nyumbani, Jumatano tarehe 13 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Jana barua ilipofika Mama alikuwa sokoni. Nilifanya kama ulivyosema. Nilianza kuona kwenye safu ya Jumanne. Jumapili na Jumatatu hazikuwepo. Si kwamba zilikuwa na ukungu. Hazikuwepo, kama ukuta umekatwa.

Leo asubuhi nimerudia. Jumanne nayo imekwenda. Naona kuanzia Jumatano, na Jumatano yenyewe imeanza kuliwa ukingoni.

Sasa umeshajua, kwa hiyo nitakwambia yote, maana kuficha kunachosha kuliko kuendesha.

Mwezi wa kumi, kwenye mazoezi, nilipogonga ule ukuta wa matairi, sikuumia. Nilisema sikuumia na ilikuwa kweli. Wiki moja baadaye nikaanza kuona vimulimuli kwenye jicho la kushoto, hasa nikiingia mahali penye giza, kwenye ghala kwa mfano. Unakumbuka tulikuwa tunachomelea bomba la moshi, na wewe ukinigombeza kwamba navaa miwani ya kuchomelea kama mapambo, kichwani. Nikajua ni moto wa kuchomelea. Kila fundi huona vimulimuli siku akikosa miwani. Nikavaa miwani, nikasubiri viishe.

Siku ya mbio sikukudanganya, Mjomba. Hilo naomba uliamini hata kama mengine huyaamini. Mzunguko wa tisa nilipita juu ya ukingo wa kona ya nne, gari likaruka, na lilipotua nikaona matone meusi yamenirukia upande wa kushoto. Yanashuka taratibu, kama oili inavyoshuka. Nikasema oili kwa sababu ilikuwa oili. Nikabandua plastiki ya kwanza, yakabaki. Nikadhani sikubandua vizuri. Ya pili, ya tatu. Nilibandua saba na kila mara nikisema hii sasa. Fundi anasema kwenye redio kwamba hakuna tone, nami nayaona matone, nikamkasirikia. Nilimkasirikia Fundi Gasketi. Nilikuwa nasema ndani ya helmeti maneno ambayo nashukuru redio haikuyachukua.

Bluu sikumwona. Sikumwachia mlango. Sikujua kama kuna mtu mlangoni mpaka nilipoona mgongo wake mbele yangu.

Tulipomaliza nikavua helmeti, nikatazama juu. Oili ilikuwa angani.

Hapo ndipo nilipojua. Na wakati huohuo nakusikia unamfukuza Fundi. Nilitaka kusema. Nilishavuta pumzi. Nikaona kwamba nikisema si oili, swali la pili litakuwa ni nini basi, na jibu la swali hilo linakwenda moja kwa moja kwa chama cha mbio za magari, na chama kinachukua leseni. Nikaimeza ile pumzi. Fundi akachukua sanduku lake akaondoka, na mimi hata kuondoka kwake sikukuona. Nilimtafuta baadaye, nikaambiwa ameshakwenda. Sijui ameandika nini juu yangu, lakini chochote alichoandika amekosea kidogo tu.

Barua yako ya kwanza ilipofika ikanipa njia. Ulifikiri nimeuza. Nikakaa nayo usiku kucha. Msaliti anaweza kuendesha gari, Mjomba. Watu wanamsema, wanamtemea mate, na Jumamosi anavaa helmeti anaendesha. Asiyeona haendeshi. Nikachagua. Nilidhani nitakuwa nimemwokoa Fundi na kuokoa kiti, na kitakachopotea ni wewe tu. Nilipopata barua yako ya pili nilijua nimepoteza kitu kikubwa kuliko nilivyohesabu, lakini nilikuwa nimeshalipa.

Sasa nisikilize, na usiruke kwenye mstari wa mwisho.

Jumamosi ni siku tatu tu kutoka leo. Uwanja wa bluu una kona tisa, na saba ni za kulia. Nimezihesabu kwenye ramani. Za kushoto ni mbili tu, na zote ni za polepole. Hawapimi macho siku ya majaribio; wanapima ukishasaini. Nikiendesha vizuri wananiandika, na nikishaandikwa nitakwenda kwa daktari Jumatatu, wanitibu, wanisubiri. Timu kubwa husubiri. Nikienda kwa daktari leo hakuna wa kunisubiri.

Naomba siku tano, Mjomba. Nimeendesha mizunguko thelathini na moja hivi nilivyo, nikawa wa pili. Siombi uniruhusu. Naomba unyamaze. Mama asijue. Akijua atalala mlangoni.

Mpwa wako,
Sindano


Gereji, Alhamisi tarehe 14 Desemba, asubuhi

Ndugu yangu Gasketi,

Spana yako hii hapa, na bisibisi nzuri pia, maana najua uliitaja ili niikumbuke.

Yule mtoto hakukukana. Jicho lake la kushoto limekufa nusu, na wewe ulisimama kwenye hiyo nusu. Matone aliyoyaita oili yalikuwa ndani ya jicho. Hakukuona, wala mkono wako, wala chupa. Alikutafuta baadaye. Nakupa hili kwanza kwa sababu ndilo lililokuchoma.

La kwangu ni hili. Nilikutoa mbele ya watu kumi na wanne, nimewahesabu. Nitakuomba radhi mbele ya walewale, Jumatatu saa tatu, wamekubali kuja wote isipokuwa mpiga picha. Kama hutaki kurudi baada ya hapo, utarudi kwenye pampu zako na mimi nitanyamaza. Lakini radhi utaipokea umesimama palepale uliposimama.

Leo nasafiri na lori. Ufunguo wa gereji uko kwa mama wa duka la betri. Sikuagizi, nakuarifu tu ulipo.

Wako


Gereji, Alhamisi tarehe 14 Desemba, mchana

Sindano,

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako bila kuruka. Na wewe usiruke hii.

Nimempata daktari wa macho kwa simu, huko huko uliko, kwenye hospitali ya macho karibu na mahakama. Nimemweleza kalenda. Hakuniuliza mara mbili. Anasema nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoshika picha, na yako imechanika siku ya mbio au kabla, inabanduka kidogokidogo kutoka pembeni. Inayobanduka pembeni wanaweza kuirudisha. Ikishabanduka katikati wanairudisha pia, lakini picha hairudi nayo. Nilimwuliza katikati ni wapi. Akaniuliza kalenda yako ina safu ngapi. Nikasema saba. Akasema basi katikati ni Jumatano.

Jana umeniandikia kwamba Jumatano imeanza kuliwa.

Unaniomba siku tano. Jumapili na Jumatatu zilikwisha kwenda kabla hujaitazama kalenda. Kati ya jana na juzi imekwenda Jumanne. Hizo siku tano unaziomba kwangu, lakini si mimi ninayezishika. Piga hesabu hiyo mwenyewe, nimekufundisha kujumlisha kabla ya kukufundisha klachi.

Umehesabu kona za uwanja wa bluu na umehesabu vizuri. Umesahau kitu kimoja. Kwenye majaribio hutakuwa peke yako. Wamewaita madereva sita, hilo pia nimelipata kwa muuza matairi. Watano watakuwa wanakupita na kupitwa. Yule wa bluu Jumapili alikuwa hodari, alipita akaacha nafasi. Yupo atakayekuja kushoto kwako akidhani umemwona, kama Gasketi alivyodhani umeishika ile chupa ya maji iliyoanguka miguuni pako. Jicho lako ni lako, ukitaka kulichezea nitalia na sitakuzuia. La mwenzako si lako.

Sasa nikupe kitu ambacho sikukupa Jumapili. Nimerudi kwenye ile karatasi ya kompyuta, safari hii bila hasira. Mzunguko wa tisa ulikuwa mbele ya bluu kwa sekunde nane. Kushoto ulikuwa unapoteza sekunde nzima kila mzunguko. Nilisema kulia ulikuwa mkali ili uonekane unajitahidi. Nilikuwa mpumbavu mwenye kalamu. Kulia ulikuwa unarudisha sehemu moja ya kumi kila kona, kona saba, sehemu saba. Ulikuwa unapoteza sehemu tatu tu kwa mzunguko, na ukambakisha bluu nyuma yako mizunguko ishirini na mitano, msimu wako wa kwanza, na nusu ya dunia imezimwa. Kona ya tisa, ile iliyomtoa bingwa wa mwaka juzi, uliipita kwa kasi ambayo hakuna mtu aliyeiandikisha siku ile, mizunguko kumi na minane mfululizo. Nimezitazama namba hizo mpaka chai ikapoa. Sikujua kama niliwahi kusimama karibu na dereva wa namba hizo, kumbe nilikuwa nimesimama, nikikuzomea kwenye redio.

Sikwambii haya ili ujione utaendesha tena. Sitakudanganya. Daktari hajui, chama hakijasema, na mimi nikikisia nitakisia upande ninaoupenda. Huenda hizo ndizo zilikuwa mbio zako za mwisho. Kama ndizo, ziliendeshwa hivyo, na karatasi ninayo.

Barua hii inasafiri na mimi. Nitakaa kando ya dereva. Atakupa Ijumaa saa mbili asubuhi, mimi nikiwa nimeshuka kwenye kituo cha mafuta cha mwanzo wa mji. Sitapanda ngazi za kwenu. Nikipanda mama yako atauliza, wewe utadanganya, mimi nitakohoa, na tutakuwa tumeongeza mchezo juu ya mchezo. Mwambie mwenyewe. Akilala mlangoni, mruke uje naye.

Daktari amekuwekea kitanda. Akikupokea Ijumaa, anakupasua Jumamosi asubuhi, saa zile zile ambazo bluu wanakusubiri. Mapokezi yanafungwa saa tisa alasiri. Mimi nitakuwa mbele ya lango la hospitali tangu saa nne.

Ikifika saa nane mchana na hujatokea, nitatoka pale langoni niende nikampigie katibu wa chama, kisha tajiri wa bluu, na nitawaambia wote wawili kuhusu kalenda. Hutapewa helmeti Jumamosi, ya timu yoyote. Utanichukia, na nitakuwa nimekupoteza kweli safari hii, tofauti na ile niliyojisemea tarehe 8. Nimelipima hilo pia. Nitapiga simu.

Ila sitaki kupiga. Nataka uje kwa miguu yako.

Simu yangu iko wazi. Ujumbe unatosha, neno moja linatosha, usinieleze wala usiniombe. Kesho Ijumaa, kabla ya saa nane mchana, nijibu: unakuja, au huji?

Mjomba wako